Sabuni Ndani ya Tumbo la Mashua ya Hajji

Nina aibu hata kuandika, na kalamu nimeshaiweka chini mara mbili, lakini wenzangu wa bweni mmeniuliza tangu muhula ufunguliwe kwa nini nikiona povu kwenye beseni natazama pembeni, basi someni wenyewe, mcheke mmalize, maana kusimulia kwa mdomo siwezi (mnanijua, hata jina langu likiitwa darasani naitikia kama mgonjwa).

Papa ni fundi wa malori hapo Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, tulitoka Butembo nikiwa bado nabebwa mgongoni. Likizo ile mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu lori liliteleza kwenye jeki likaubana, na maneno yalishaanza kuzunguka sokoni kwamba yule fundi Mkongo amekwisha. Ndipo akaja Hajji, mwenye malori sita na duka la vifaa, akatuletea kimashua chake cha plastiki ngumu, cha watu watatu tu, chenye injini nyuma, alichokinunua kwa Mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa anarudi kwao. Chini ya tumbo lake kulikuwa na ukanda wa chuma wa kukilinda na mawe, umeshikwa na bolti kumi na mbili, na matundu yote yalikuwa yameliwa, ukikaza bolti inazunguka bure kama kijiko ndani ya uji.

"Fundi," Hajji akasema, "ukinitengenezea hii isiingize maji, malori yangu yote nakuletea wewe. Ikishindikana, nitajua wanayosema watu ni kweli."

Papa akaniita kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Kavira, mukono yako njo mukono yangu sasa. Panua tundu, ingiza kijiti na gundi, uache ikauke mpaka kesho, kisha utoboe tena ndogo. Na gundi uchanganye kidogo-kidogo. Unasikia?"

"Ndiyo, Papa."

Nilisikia vizuri sana. Papa akapanda gari kwenda Kasese kubadilishwa bendeji, mimi nikabaki na mashua iliyopinduliwa uani, na gundi aliyotuachia Hajji, ya mikebe miwili, ambayo usipochanganya hiki na hiki haishiki. Matundu manane nikayafanya kwa adabu, vijiti vimekaa kama meno mapya, kisha jua likapanda, watoto wa jirani wakaanza kujazana kwenye ua kutazama msichana anayetengeneza mashua, nami kwa kutaka kumaliza haraka niingie ndani nikamimina gundi yote iliyobaki nikaikoroga kwa pamoja. Jamani, ile gundi ilipata moto! Ikatoa moshi, na kabla sijafika tundu la tisa ilikuwa imeganda ndani ya mkebe pamoja na kijiti changu, nikabaki nimeshika mkebe kwa kijiti kama mtu ameshika sufuria kwa mpini.

Hapo dawa ilikuwa moja tu, kwenda dukani kwa Hajji nikaseme gundi imeniharibikia, naomba nyingine. Nikaenda. Kwenye baraza la duka walikuwa wamekaa wavulana wanne, mmoja wao Baluku wa shule yetu, na aliponiona na mikono yangu ya gundi akapaza sauti, "Heee, fundi wa kike amefika! Njoo ukaze na nati za baiskeli yangu, mama!"

Wakacheka. Nikaingia na masikio yanawaka.

"Mwanangu, unataka nini?" Hajji mwenyewe akauliza.

Neno gundi lilikuwa hapa kooni. Lakini nyuma yangu baraza lote lilikuwa limenyamaza kusikiliza, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Sabuni."

Hajji akanikatia kipande cha sabuni ya mche, nikatoa senti ambazo Mama alinipa za chumvi, nikatoka mbio.

Njiani nilikuwa nalia kidogo (kidogo tu), na ndipo nilipoitazama ile sabuni nikaona kama Mungu ameniletea. Maana nyumbani kwetu malori yanayovuka mpaka wa Mpondwe yanasimama kila siku, na tangu utotoni nimeona madereva: tangi la petroli likipasuka wanaponda sabuni kwa vidole, wanapaka kwenye ufa, na wanafika Kampala bila tone kudondoka. Kama inazuia petroli, nikajiambia, itashindwaje na maji? Mimi, niliyepata alama nzuri za sayansi, mimi ninayefua nguo zangu kila Jumamosi, sikujiuliza tofauti ya petroli na maji! Nikakanda sabuni na unga wa mbao, nikashindilia matundu manne, na kesho yake nilipokaza bolti zikashika kabisa. Papa, aliyekwisha kurudi, akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya vichwa vyote kumi na viwili, vimelala sawasawa kwenye mstari, akatikisa kichwa kwa furaha. Ningesema pale. Sikusema.

Jumamosi tukaipeleka Katwe kwa lori, upande wa ziwa kubwa, si lile la chumvi. Mwaloni, pale zinapofikia mashua za samaki, kulikuwa na wavuvi, wanawake wanafua, na kina Baluku waliodandia lori ili waone. Hajji alikuwa amevaa kanzu nyeupe inayong'aa.

"Fundi, na wewe panda," akasema.

Papa akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu mkono uumie. "Hapana, Hajji. Kazi ilifanyika na huyu. Apande mutoto wangu."

Nikapanda. Mnaweza kuamini? Mtu pekee aliyejua, akapanda, akakaa, akaweka miguu juu ya yale matundu manne kana kwamba miguu yangu ni vizibo. Dereva wa Hajji akavuta kamba, injini ikanguruma, tukaenda vizuri, watu wakapiga vigelegele, Hajji akawapungia mkono. Kisha nikasikia baridi kwenye vidole. Nikatazama chini: povu. Povu jeupe, zito, linapanda kwenye vifundo vyangu, na kadiri injini inavyotetemesha mashua ndivyo linavyozidi kuumuka.

"Hii ni nini?" Hajji akauliza. "Mashua inachemka?"

Akasimama atazame vizuri, akateleza, akakaa kwa kishindo ndani ya povu, na hapo ukanda wa chuma ukaachia upande mmoja ukaanza kugonga chini, paa! paa! Dereva akageuza haraka kwa sababu viboko hawakuwa mbali. Tulizama hatua ishirini kutoka ufukweni, mahali maji yananifikia kifuani, na Hajji akatembea kutoka ziwani povu limemzunguka kama kola.

"Hajji!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye mawe ya kufulia, "ungetuletea kanzu tukufulie, si lazima uingie nayo!"

Mwalo mzima ukaanguka kwa kicheko. Papa peke yake hakucheka. Walipoivuta mashua na kuipindua, akapitisha kidole kwenye tundu lililoachwa wazi, akakinusa, akanitazama.

"Fundi, hii ni kazi gani?" Hajji akauliza, maji yanamchuruzika.

"Kosa iko yangu, Hajji," Papa akasema. "Mukono hii haiko na nguvu tena."

"Basi niliyoyasikia ni kweli."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na ulimi ninao. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, wenzangu, povu ni mchezo tu. Papa akamwomba Hajji kanzu tukaisafishe, na jioni Mama akaifua kwa kile kipande cha sabuni kilichobaki.

Jumatatu niliipeleka ile kanzu dukani, imepigwa pasi. Barazani walikuwapo wale wale wanne.

"Hajji," nikasema, sauti yangu kwa mara ya kwanza maishani inasikika mpaka nje, "si mkono wa Papa. Ni mimi. Niliharibu gundi yako, nikaja kuomba nyingine, nikaona aibu, nikaomba sabuni. Nikaitia kwenye matundu."

"Ile niliyokukatia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ukapanda mashua unajua?"

"Ndiyo."

Baluku hakucheka. "Ungeniomba gundi ningekupa, mwanangu," Hajji akasema, akashusha mikebe miwili kutoka rafuni. "Malori matatu nimeshayaahidi kwa fundi wa Kasese, neno langu silirudishi. Matatu bado. Mkishayaziba hayo matundu manne, baba yako aniite nikayatazame."

Papa alipoiona mikebe akauliza jambo moja tu. "Ulisema mbele ya watu?"

"Mbele ya Baluku na wenzake."

Akanipa keekee. "Basi, toboa."

Malori matatu tunayo. Yale mengine matatu hupita mbele ya nyumba yetu kwenda Kasese kutengenezwa, na kila yakipita mimi natazama chini na Papa anajifanya hakuona. Ndiyo maana siku hizi nikienda dukani, nilichokifuata nakitaja nikiwa bado mlangoni, kabla hata ya kuamkia, baraza lijae wavulana lisijae.