Pikapu ya otomatiki ya baba mdogo: giaboksi iliungua au tuliisingizia?

Wakuu salaam, wa mlimani na wa tambarare. Haya niliyaona mwenyewe nikiwa siti ya mbele, siongezi chumvi, na mpaka leo yananichanganya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, magari ya mtumba yanaingia kwa fujo. Baba mdogo, mkulima wa plamu hapa Lushoto, akauza shamba la bondeni akanunua pikapu ya dizeli. Nzito, ya kazi haswa. Kasoro moja: otomatiki.

Mtaa mzima ulicheka. Otomatiki ni ya mabosi wa Dar, walisema, mlima huu utaiua. Mzee mbishi yule, hakumjibu mtu.

Cha ajabu, kupanda ilipanda! Tulitoka Mombo na mbolea, gia zinajibadilisha zenyewe, mzee anatabasamu tu. Ila mguu wake wa kushoto ulikuwa bado unatafuta klachi isiyokuwepo. Ukikutana na breki, mimi nusura nipitie kioo.

Ikaja siku ya kushusha plamu. Matenga ya majirani yamejaa nyuma, wenyewe wamekaa juu yake, lori la Dar linasubiri Mombo.

Sasa mnawajua madereva wetu wa enzi hizo. Mteremko ukianza unaweka free, gari lijishukie, dizeli ibaki. Wote walifanya hivyo. Baba mdogo naye akasukuma gia kwenye N, ndiyo free ya otomatiki, tukashuka.

Karibu na Soni, harufu. Halafu moshi. Akasimama kwa tabu pembeni ya barabara.

"Mgosi, tulikwambia," wenye matenga wakasema. "Gia zimeungua."

Wakahamishia mzigo kwenye gari la manual. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa hata tenga moja. Plamu zake mwenyewe zikaoza, maana hata yeye aliogopa kuishusha tena. Pikapu akaiuza kwa bei ya kutupa kwa jamaa wa upande wa Amani. Niliumia sana, maana shamba nalo lilishakwenda.

Miaka ikapita. Nikiwa Bulwa, huko huko Amani, nikapewa lifti, nakuta ni pikapu ile ile, imejaa majani ya chai. Kwenye mteremko jamaa akavuta gia kutoka D ya kawaida kwenda 2, gia ya chini. Gari likajishika, likashuka taratibu, harufu hakuna.

Nikamuuliza giaboksi alibadilisha lini. Akanishangaa.

"Giaboksi? Mimi nilibadilisha breki tu."

Kumbe moshi ulikuwa wa breki? Mbona wenzake waliweka free kila siku na hawakuungua? Au giaboksi ilichoka kweli, ikapoa, ikapona? Sielewi jamani.

Nikaenda kumweleza baba mdogo. Akachezea kofia yake.

"Ile mbili niliiona," akasema. "Nikataka kuuliza ni ya nini. Sasa ningemuuliza nani, na wote walikuwa wananicheka?"

Nilichojifunza ni hicho tu: ukimcheka mtu sana, hata swali atalimeza.

Mafundi, na nyie mliowahi kushusha mzigo na otomatiki, semeni ukweli: ilikuwa gia au breki? Mzee bado yupo. Nataka nimpelekee jibu.