Jani Mbele ya Kamera

Juzi kwenye intaneti kafe hapa Moshi, mzee mmoja wa Mwika aliketi kumrekodia video mwanawe wa ng'ambo, ambaye walikuwa wamegombana naye tangu siku nyingi. Dada mhudumu akawasha kamera, akamsogezea maikrofoni. Mzee akavua kofia, akatoa ndani ya koti jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, akaliinua kwa mikono miwili.

"Babu, ongea, inarekodi."

"Nimeshamaliza."

"Lakini sauti haijaingia hata kidogo!"

"Huyo ni Mchagga. Akiliona sale atajua baba yake anaomba msamaha. Tuma."

Dada akatuma.

Nami nina kaka ambaye hatusemezani naye. Tatizo ni kwamba masale ya mpaka kati yangu naye niliyang'oa mwenyewe, nikajenga ukuta.