Noti Chakavu za Kwenye Mapindo ya Vitenge

Saa mbili asubuhi. Soko la Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ndiyo kwanza linafunguka, lakini Orpa ameshakaa mbele ya cherehani ya kukanyaga, mtoto mgongoni, wembe mkononi. Hashoni. Anafumua. Mapajani pake kimelala kitenge cha zamani kilichopauka, na mteja amesimama mlangoni akisubiri kigeuzwe magauni ya watoto.

Wembe unakata uzi wa pindo kidogo kidogo. Mara Orpa anasita, anapapasa kwa kidole gumba.

"Mama, humu muko kitu. Ulijua?"

"Nitajulia wapi? Kilikuwa cha marehemu shangazi."

Inatoka noti ya zaire, imekunjwa mara nne, kingo zimeliwa, kijani chake kimekuwa kahawia kwa jasho. Nchi iliyoichapa imeshabadili jina, na hakuna benki itakayoipokea. Orpa haipulizi hata vumbi. Anaiteremsha kwenye bahasha pamoja na uzi wake.

"Zamani, saa hii ingekuwa imeshaingia mu maji," anasema, akijicheka.

Wanawake waliokimbia vita Kivu Kusini na Burundi wanaujua ujanja huu. Njiani mkoba hupekuliwa na kifua hupapaswa, lakini pindo la chini, linalofagia matope, nani ataligusa? Basi mama alishona noti humo, akavaa, akatembea. Wengine walifika na kukuta pesa yao imekufa, wengine walikufa wao kwanza. Kitenge kikarithiwa, na pesa ikarithiwa humo humo bila mtu kujua.

Orpa, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, alizaliwa Uvira. Kwa miaka mingi wateja walimwambia, "Chukua tu, watoto wachezee." Hakuwapa watoto. Alizitia kwenye kopo la maziwa, kwa kuwa aliona vibaya kutupa kitu ambacho mtu alikibeba hivyo.

Cherehani si yake. Anaikodi kwa mzee Munyakazi kwa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi. Siku njema huingiza elfu saba. Siku mbaya hurudi nyumbani na mtoto wake na sindano zake.

Mapema mwaka huu Munyakazi alikuja na habari: anaiuza, laki nne.

"Mimi si mubaya, Mama Grâce," alimwambia. "Lakini kuna mutu wa kule Juru anaitaka. Nakungoja mpaka maharage yatoke mu shamba. Yakitoka na wewe hauna kitu, mashini inaenda."

Usiku huo Orpa aliwaza: bila cherehani, mwanawe Grâce atakula nini? Akalikumbuka kopo. Asubuhi alipanda gari la kwenda mji wa Mbarara na noti mbili za mfano, akaulizia mpaka akafika kwa Gisa, muuza vitu vya kale kwenye kichochoro karibu na soko kuu. Gisa alizigeuza, akaangalia mikunjo.

"Leta yote," alisema. "Kama yote iko namna hii, nakupa laki tatu."

Laki tatu. Orpa alirudi Nakivale akiimba, na hapo ndipo alipoharibu.

Mama yake, Sidonie, alikuwa mbadilisha fedha Uvira. "Kwetu, dola ikiwa na kadoa kadogo, batu banakataa," Orpa anaeleza. "Mama alikuwa anaziosha na sabuni, polepole, anazipiga pasi katikati ya magazeti. Zinatoka kama mupya. Nilijua ni vile mutu anaheshimu feza."

Basi aliziheshimu. Alizisugua zote, akaziba nyufa kwa uji wa muhogo, akazinyoosha kwa pasi ya makaa. Zilipokauka zililia kama karatasi mpya, na moyo wake ukajaa.

Gisa aliinua moja, akainusa.

"Nyabo, mama, hii inanuka sabuni."

"Ndiyo. Nilizisafisha."

Mfanyabiashara aliketi. "Sasa nitauzia nani? Ile safi iko mingi kwa intaneti, bei ya karanga. Mteja yangu anataka ile imetembea. Na jasho yake, na matope yake. Wewe umetoa safari yote ndani, umebakisha karatasi."

Hakumfokea. Alimpa elfu thelathini, nauli na kitu cha mtoto. Kabla hajaondoka, Orpa alikumbuka noti moja isiyooshwa, akamtajia: ya bibi Adélaïde, Mrundi wa mtaa wa Rubondo humo makazini, ambayo ilikuwa bado imeshonewa ndani ya pindo lake.

"Pamoja na pindo lake?" Gisa aliuliza. "Hiyo peke yake nakupa laki moja."

Kwenye kituo cha magari Orpa alimnyonyesha mtoto, laki moja ikimzunguka kichwani. Bibi alikuwa amemwachia kile kitenge amshonee sketi, akasahau kukifuata. Angeweza kukata kipande tu. Nani angejua?

Alikibeba kitenge, akaenda kwa bibi kuuliza.

Adélaïde alilipakata pindo kama mtoto. "Mwanangu, pesa hiyo mimi siitaki, chukua," alisema. "Lakini uzi huu ni mkono wa mama yangu. Uzi sitoi."

Na noti haikuwa na njia ya kutoka bila kukata uzi.

"Nilikuwa na wembe mu mufuko," Orpa anakumbuka. "Sikuutoa. Nililia kidogo, nikamwambia sababu."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, bibi aliwasimamisha wanawake nje ya kanisa. "Pelekeni mapindo yenu kwa Mama Grâce," alisema. "Anayafumua bure, na mnagawana. Ameshaapa haoshi tena."

Walicheka, lakini walikwenda. Sasa Gisa hununua noti isiyoguswa kwa elfu tano, nzuri zaidi kwa elfu kumi, na nusu ya kila noti humrudia mwenye kitenge. Maharage yameshavunwa, na mkononi mwa Munyakazi zimeshafika laki mbili na nusu.

"Yule wa Juru nilimwambia atafute ingine," mzee anasema, akichungulia dirishani. "Huyu mama akichelewa, nitamuosha na sabuni yake."

"Toka hapa, mzee, unanizibia mwanga," Orpa anamjibu.

Anatumaini kumaliza kabla ya Noeli. Kitenge cha Adélaïde, alichomrudishia amshonee, kingali kimekunjwa rafuni, juu ya kopo tupu la maziwa, kikingoja. Sketi hiyo, anasema, ndiyo itakuwa kazi ya kwanza ya mashini iliyo yake.

"Kiuno nitakishona mimi," anasema, akirudisha wembe kwenye pindo la mteja wake. "Chini sitagusa. Chini mama yake alishamaliza."