Fundi Aliyeifunga Bunduki kwenye Tairi

Walisema sitaweza. Mzee Njuguna wa Gitothua, jirani yetu, alitangaza nje ya kanisa kwamba mtoto wa mbeba bunduki hufa akibeba bunduki ya mtu, na kwamba kuitengeneza ni kazi ya watu wa rangi nyingine. Mama mdogo wangu alisema nitafika Mombasa, nione meli, nirudi mbio. Leo diploma yangu ya ufundi wa bunduki, niliyoitolea jasho Uingereza, iko sebuleni ndani ya kioo, na kila mgeni hunywa chai akiitazama. Kiti cha Mzee Njuguna nilikiweka makusudi kikiielekea.

Lakini diploma ile haikuanzia Uingereza. Ilianzia Thika, kwenye karakana ya mtu ambaye baba yangu hakumwamini hata kidogo.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Miaka ya hamsini ikianza, kabla Hali ya Hatari haijatangazwa, Ruiru ilikuwa kahawa na kahawa tena. Pale panapoitwa Kimbo leo, sisi tulifukuza kwale kwenye nyasi za kiunoni. Kahawa ikichanua, mashamba yalinukia hadi ukasahau njaa. Ikimenywa kiwandani, maganda yalinuka hadi ukaikumbuka tena. Tulienda shule kwa miguu mitupu, kiazi kitamu cha moto kila mfuko, cha kupasha mikono kwanza na cha kula baadaye. Jioni tulichonga bunduki za mwanzi, tukazishindilia matunda mabichi ya porini na kusukuma kwa kijiti: paa! Tunda likiwa dogo, upepo ulipita pembeni. Likiwa kubwa, mwanzi ulipasuka mkononi. Vijana wa leo huua majeshi mazima kwa kidole kwenye simu, lakini mpe mmoja mwanzi na kisu, atakuuliza chaji inaingilia wapi.

Baba alibeba bunduki ya mwenye shamba, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kihara kwa sababu ya upara wake. Wakienda kuwinda nyati, Baba aliibeba ile bunduki kubwa mpaka mnyama aonekane, kisha akamkabidhi Kihara na kusimama nyuma ya bega lake la kushoto. Hapo alisimama mikono mitupu. Kihara alikuwa na bunduki, na hata ikikataa ni rungu. Baba hakuwa na kitu.

Bunduki yenyewe ilikuwa imechoka. Risasi za siku zile ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na usipouosha kwa maji moto siku hiyo hiyo, kutu huula kimya kimya. Safari ya mwisho risasi zilikwenda zilikotaka, nyati akaja, na Baba akarudi nyumbani shati la kaki limepasuliwa kwa pembe kutoka kwapani hadi kiunoni. Mama alilishona kwa uzi mweusi.

“Uzi wa kaki upo,” Baba akamwambia.

“Najua upo,” Mama akajibu. “Nataka ukivaa ukumbuke.”

Kihara aliamua kuweka mtutu mpya kabla ya safari ya baada ya mvua. Baba akamwambia waziwazi kwamba hatakwenda mpaka amwone fundi mwenyewe na aijue risasi itakayotumika. Kihara alicheka, kisha akaacha kucheka, maana hakuna mtu mwingine Ruiru nzima aliyekubali kusimama pale nyuma.

Mimi nikachukuliwa pia. “Wewe umesoma,” Baba aliniambia. “Sikiliza Kizungu chao, uniambie ni wapi wananiuza.”

Wa kwanza alikuja mwenyewe shambani, Mzungu mwenye duka la bunduki Nairobi, kiatu kinang’aa kama kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Alisema mtutu mpya uwe wa risasi kubwa zaidi, akatoa moja mfukoni, nene kama kidole gumba cha mchimba mawe. Baba aliipima mkononi. Niliona macho yake yakilainika, maana nani hataki jiwe kubwa dhidi ya nyati?

“Muulize,” akaniambia, “ikitakiwa kuingia haraka, itaingia?”

Nikauliza kwa Kizungu changu cha darasani. Yule bwana akanipapasa kichwa na kujibu.

“Anasema usiwe na wasiwasi, Baba.”

“Nani kamwambia nina wasiwasi?”

Wiki hiyo hiyo tukaenda Thika. Fundi alikuwa Mhindi wa kilemba, Kalasinga, ndivyo sote tulivyomwita, na karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya vyuma, si mbali na mto Chania. Alifungua mlango nusu, akatutazama mmoja mmoja, hakumpa hata Kihara mkono. Aliishika bunduki, akaichungulia tumboni, pale risasi zinapokaa, akaichungulia mtutuni.

“Iache na risasi yake ya zamani, ile nne-sufuri-nne,” alisema. “Hii tumbo ilikatwa kwa hiyo risasi. Wewe nataka kubwa, leo itaingia, kesho itakwama. Na ile ya zamani duka zote iko.”

Baba akatunong’oneza, mimi na Kihara, “Mvivu huyu. Anataka kazi ndogo.”

Kalasinga akatutoa nje, akafunga mlango. Kihara akaketi kwenye gari na kuvuta kiko chake. Baba na mimi tukaweka macho kwenye ufa wa mbao. Na tulichokiona, wallahi, kingemtia shaka hata malaika: yule mtu alisokota kitambaa, akakisukumia ndani ya mtutu, akayeyusha kitu cha njano kwenye mkebe, kinachonuka kama jehanamu ya mahubiri ya Jumapili, akakimimina ndani ya bunduki.

“Haiya!” Baba akaruka. “Anaiziba! Anataka initoboe uso!”

Aliupiga mlango bega, ukafunguka, na nikamfuata. Kalasinga alisimama na tupa mkononi, Baba na ngumi, na bunduki katikati yao ikifuka moshi wa salfa.

“Ngoja ipoe,” Kalasinga akasema. “Halafu piga mimi.”

Tukangoja. Hakuna aliyekaa. Mwishowe akachukua fimbo ya chuma, akasukuma kutoka mdomo wa mtutu, na nyuma kikatoka kitu cha njano, laini kama sabuni, chenye umbo la risasi kamili.

“Hii picha ya ndani,” alisema. “Jicho yangu haifiki huko. Hii inafika. Mtutu mpya nitakata sawasawa na hii, lakini hapa,” akagusa sehemu ya mbele iliyokwaruzika kama ulimi wa ng’ombe, “hapa kutu imekula. Ndiyo maana risasi yenu inapotea.”

Baba alikinusa, akakigeuza, kisha akakitia mfukoni. “Nitakaa nacho.”

“Kaa nacho. Lakini ni yangu, utarudisha. Mimi pia siamini wewe.”

Baba bado alikuwa upande wa Nairobi, na ile risasi nene ilikuwa inamwita. Kilichomgeuza kilifuata baadaye kidogo. Kalasinga alikuwa na bunduki ya mteja mwingine, amemaliza tu kuiwekea mtutu, na siku hiyo ilikuwa siku ya kuijaribu. Akaifunga kwa kamba juu ya tairi kuukuu uwanjani, ikielekea kilima cha udongo, akafunga uzi kwenye kifyatulio, akatuamuru tupite nyuma ya ukuta wa mawe.

“Umeona?” Baba alisema kwa sauti, asikike. “Anaogopa kazi ya mikono yake mwenyewe!”

Kalasinga hakukasirika. “Mzee, kama ingetengenezwa na mtu mwingine, labda ningeamini. Hii nimetengeneza mimi. Najua siku gani nilikuwa na usingizi.”

Akavuta uzi. Mlio ukapita Chania na kurudi. Akalitoa ganda la risasi, akalichunguza kwa kioo kama anayetafuta chawa, akafunga tena, akavuta tena. Ndipo alipoifungua kamba na kuipiga begani mwake. Kisha akaanza kuingiza risasi, mtutu ukitazama juu, ukitazama chini, bunduki ikiwa ubavu, ikiwa kichwa chini, haraka, polepole.

Baba akaenda moja kwa moja garini. “Huyu,” akamwambia Kihara.

“Kwa nini huyu? Si ulisema ni mvivu?”

“Yule wa Nairobi alituamini haraka mno. Hata bunduki hakuifungua.”

Mvua zilipokwisha, Baba na Kihara walikwenda na mtutu mpya wa Kalasinga, mashariki ya Thika, porini. Nyumbani hatukula vizuri siku zile. Mama alikuwa akisafisha sufuria zilizokuwa safi. Baba aliporudi, Mama hakumwamkia. Alimzungusha, akalikagua shati mbele na nyuma, akaingiza kidole kila mshono. Lilikuwa zima. Tukamuuliza Baba ilikuwaje, na akatupa neno moja.

“Iliingia.”

Siku hiyo mimi niliamua nitakuwa nani. Kalasinga alinifukuza mlangoni mara nyingi kabla hajaniruhusu hata kufagia. Uhuru ulipokuja na mimi nikapata nafasi ya kwenda ng’ambo, aliniazima tupa yake. “Si zawadi. Utarudisha.” Mwalimu wa kanisa akaniazima koti, mjomba wa Mugutha sanduku, na Mzee Njuguna viatu, nadhani ili niaibike nikiwa ndani ya vitu vyake.

Sasa uwindaji ulishafungwa, na ni sawa, nyati wapumzike. Mahali pa karakana ile wanauza makava ya simu. Wajukuu wangu hununua kitu wasichokiona, kwa mtu wasiyemjua, kwa sababu kina nyota tano. Nikiwauliza nani alikijaribu, wananicheka: “Guka, wewe unashuku sana!” Ninashuku, ndiyo. Nilikua na baba mzima kwa sababu watu wawili walishuku.

Niliporudi na diploma, nilitenga siku nzima ya kulipa. Koti lilirudi limefuliwa na kupigwa pasi. Sanduku lilirudi na blanketi la Kiingereza ndani yake. Viatu vya Mzee Njuguna vilirudi na soli mpya, nikamsomea diploma yote, mpaka jina la mpiga chapa. Kisha nikapanda baiskeli hadi Thika. Kalasinga, ndevu nyeupe sasa, aliiinua tupa dirishani, akaikagua jino kwa jino.

“Mbili imekufa,” akasema, akaitundika. “Na picha yangu ya njano? Baba yako bado iko nayo.”

Nikarudi Ruiru. Baba alikuwa amekaa nje. Nikamwonyesha bunduki ya mteja wangu wa kwanza, niliyoiwekea mtutu kwa mikono hii. Akainusa. Akauliza, “Umeifunga?”

“Mara mbili, Baba.”

Tukaenda kwenye machimbo ya mawe. Nikaiweka risasi, nikaipandisha begani, nikangoja asogee nyuma ya jabali. Hakusogea huko. Alikuja akasimama nyuma ya bega langu la kushoto, mikono mitupu.

“Piga,” akasema.

Nikapiga. Vumbi lilipotulia, aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha salfa, kimelainika kwa miaka ya kushikwashikwa, akakiweka kiganjani mwangu.

“Bado kuna mwanga,” alisema. “Mrudishie yule mtu kitu chake.”