Siku Samaki Wangu Waliponuka Komoni

Chekeni kwanza mmalize, halafu ndiyo nisimulie, maana kila nikianza habari hii kuna mtu anaangua kicheko kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, na aibu yenyewe jamani haiko kwenye samaki, iko mbele kidogo, na mpaka leo nikienda kanisani nikakuta watu wawili wanaongea chini chini najua wananiongelea mimi (na mara nyingi ni kweli).

Mimi naishi Iringa, huku Kihesa mteremkoni, na nyuma ya nyumba nina tenki la samaki. Si bwawa, ni tenki, yale ya plastiki ya mraba yenye fremu ya vyuma. Baba Tumaini, mume wangu, alilikata juu, tukaweka perege, kisha juu yake tukapanga vitanda vya kokoto, humo nikapanda chainizi, spinachi na saladi. Pampu inavuta maji ya samaki inayapandisha kwenye kokoto, mboga zinakula ule uchafu wa samaki, maji yanarudi chini yakiwa masafi, basi, hakuna jembe, hakuna mbolea ya dukani, kumwagilia ni kubonyeza swichi. Nilifundishwa kwenye semina, na tangu nirudi kutoka semina hiyo nikawa sikamatiki. Mtu ananisalimia njiani "Kamwene, Mama Tumaini," mimi namjibu "Kamwene, lini unakuja kuona samaki?"

Sasa samaki wanakula, na chakula chao cha dukani kinauma mfukoni. Ndipo nikasikia kwamba machicha ya pombe, yale yanayobaki baada ya kukamua, wengine wanalishia samaki kama wanavyolishia nguruwe. Nikajaribu kidogo, kiganja kimoja asubuhi, kiganja kimoja jioni, perege wakala wakanenepa, nikafurahi. Ila machicha hayo yalitoka wapi? Hapo ndipo pabaya, naomba mnivumilie.

Yalitoka kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Sikitu. Huyu ni mjane, anapika komoni, pombe yetu ya kienyeji, na komoni hiyo ndiyo inayosomesha wanawe. Zamani alikuwa kwenye kwaya yetu ya usharika, sauti ya pili, na nawaambia ukweli, akiimba yeye sisi wengine tulikuwa tunasindikiza tu. Lakini usharika wetu una utaratibu wake, anayepika pombe haimbi kwaya, na siku jambo lake lilipoletwa, aliyesimama na kusema maneno mengi kuliko wote ni mimi, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya. Nilisema kwaya ni madhabahu, si kilabu. (Sentensi hiyo niliiandaa nyumbani mbele ya kioo.) Watu wakaitikia, Mama Sikitu akatoka kwenye kwaya akahamia benchi la nyuma kabisa, na kila Jumapili sauti ya pili ikawa inatufikia kutoka mlangoni.

Huyo huyo ndiye niliyemfuata kuomba machicha. Sikupita getini kwake, hapana, ningeonekana. Tulipatana ukutani, kila Jumamosi akishakamua anainua ndoo juu ya ukuta, mimi napokea, naficha nyuma ya tenki, na kwa shukrani namrushia fungu la chainizi. Na ndoo yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kikundi. Mnajua vyombo vya msibani vinavyopotea, basi ndoo zetu zote tumeziandika kwa rangi nyekundu WANAWAKE WA JUMUIYA, herufi kubwa, na zinakaa stoo kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwaminifu.

Ikafika Jumamosi ambayo jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwangu. Mambo yalikuwa mawili, kwanza kuuombea mradi wangu wa samaki, na baada ya hapo kuzungumzia ombi la Mama Sikitu. Alikuwa amemwomba mzee wa kanisa, Mzee Kikoti, kwa upole kabisa, kwamba arudishwe kwaya, watoto wake wawili wamalize shule tu komoni ataiacha. Mzee Kikoti alisema hawezi kuamua peke yake, watakaoamua ni jumuiya, na hasa mwenyekiti wa wanawake, kwa kuwa ndiye jirani anayeyajua maisha yake. Yaani mimi. Mama wa watu alikuwa ananitegemea mimi.

Sasa asubuhi hiyo ilikuwa baridi, baridi yetu ya Juni ile ya kuvaa masweta mawili na kitenge juu, na samaki wakisikia baridi wanazama chini wanatulia. Nikachungulia tenki, naona maji tu. Nikawaza, wageni wanakuja kuona samaki, wataona nini, maji? Nikaangalia ndoo nyuma ya tenki, ina machicha ya wiki iliyopita, karibu nusu, yameshachacha mpaka yanatoa mapovu. Nikasema leo ni sikukuu, acha nao wale washibe, wakisikia harufu watapanda juu wenyewe. Nikamwaga yote. Nikasuuza ndoo, nikairudisha ukutani kwa Mama Sikitu kama kawaida, nikaingia ndani kukaanga maandazi, na katika harakati hizo nikasahau kumwambia kwamba leo nina wageni, asilete.

Wageni wakafika, Bwana Yesu asifiwe, amina, wakanywa chai, tukaimba, halafu nikawaongoza nyuma ya nyumba nimejifunga kitenge kipya, natembea mbele kwa madaha. Na kweli samaki walikuwa juu! Wote! Wamejipanga juu ya maji midomo wazi, wanafungua wanafumba, wanafungua wanafumba.

"Yaani wametusikia," akasema mama mmoja, akapiga makofi.

"Wanatusalimia hawa," akasema mwingine.

Mzee Kikoti akavua kofia. "Hata viumbe wa majini wanamsifu Bwana," akasema, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Leo ndiyo najua samaki akipanda juu akafungua mdomo hivyo hasifu chochote, anakosa hewa, yale machicha yalikuwa yanaoza chini na kuimaliza hewa yote ya majini.

Tukaimba tena, wimbo mrefu, beti zote, kwa sauti ya kushindana maana tulikuwa nje. Katikati ya wimbo Baba Tumaini, ili wageni waone mtambo ukifanya kazi, akabonyeza swichi. Pampu ikakohoa, ikavuta, halafu ikatapika kwenye saladi zangu maji ya kahawia yenye mapovu na makapi, na hapo jua lilikuwa limeanza kupasha kokoto, harufu ikapanda. Jamani, uwanja wangu ukanuka kilabu siku ya mnada. Wimbo ukaanza kupungua sauti mmoja mmoja, mpaka akabaki anaimba Mzee Kikoti peke yake, naye akanyamaza.

"Hapa pananuka pombe," akasema.

Kila mtu akageuka kuangalia ukuta wa Mama Sikitu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Ilikuwa rahisi tu, ningesema ni machicha, nimezidisha, tungecheka yakaisha. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, tena kwa sauti ya masikitiko, "Ndiyo hali tunayoishi nayo, mzee. Sisi tumeshazoea, tunamwombea tu."

"Mpaka kwenye samaki inafika?" akauliza mama mmoja.

"Inafika mpaka jikoni," nikajibu. (Haijawahi kufika jikoni hata siku moja.)

Baba Tumaini akaniangalia. Alikuwa anajua kila kitu, maana ndiye anayenisogezea stuli ya kupandia ukutani, ila alikaza macho kwenye pampu. Wakati huo perege wa kwanza akageuka tumbo juu, akaelea. Akafuata mwingine. Akina mama wakaanza kusema "Yesu wangu!" na mzee mmoja wa nyuma akanong'ona kwamba huenda ni uchafu wa kule unapita chini ya ukuta, unawaua samaki wa watu.

"Inawezekana?" Mzee Kikoti akaniuliza mimi, mwenye mradi, niliyekwenda semina.

Nikatikisa kichwa kuitikia. Sikusema ndiyo, nilitikisa tu, lakini wote waliona.

Mzee Kikoti akapumua kwa huzuni. "Basi na lile ombi lake la kwaya, Mama Tumaini, naona halina haja ya kujadiliwa leo. Wewe unasemaje?"

Nikasema, "Nadhani bado hajawa tayari."

Neno "tayari" halijakauka mdomoni, ndoo ikatokea juu ya ukuta.

Ilipanda taratibu, kwanza mfuniko, halafu ndoo nzima, na chini yake mikono miwili ya Mama Sikitu imeishika, yeye mwenyewe haonekani. Na upande uliotazama kwetu, herufi nyekundu, WANAWAKE WA JUMUIYA.

"Mama Tumaini!" sauti ikaita, ile sauti ya pili, safi, haina haraka. "Machicha yako haya! Ya leo nimekukamulia vizuri, samaki wako watanenepa!"

Mimi nilisimama nimeganda, nikiomba ashushe ndoo aende zake, lakini hakushusha. Ndoo ilikaa pale pale juu, mikono ikaanza kutetemeka kwa uzito.

"Mama Tumaini, pokea basi, mikono inauma."

Sasa ningefanya nini? Nilipita katikati ya jumuiya nzima na kitenge changu kipya, nikachukua stuli (ilikuwa pale pale, wote wakaona ina mahali pake pa kukaa), nikapanda, nikapokea ndoo. Na kwa kuwa nilikuwa natetemeka kuliko mwenye kuinua, mfuniko ukafunguka, machicha yakanimwagikia kifuani mpaka miguuni. Nikabaki juu ya stuli nanuka komoni mbichi, mwenyekiti wa wanawake, mwenye madhabahu.

Aliyeongea wa kwanza ni mume wangu. "Angalau hawa wamekufa na furaha," akasema, akiwaangalia samaki. Baadhi wakacheka, lakini Mzee Kikoti hakucheka, na mimi ningeomba acheke.

Akaniuliza, tena si kwa ukali, "Mama Tumaini, ni ya siku nyingi hii?"

"Ya siku nyingi, mzee."

"Na harufu?"

"Ni mimi. Nimemwaga nusu ndoo asubuhi. Jirani hana kosa." Sauti yenyewe ilitoka ndogo nikatamani ardhi inimeze, na nililia, sioni haya kusema, nililia juu ya stuli mbele ya watu niliowapikia maandazi.

Mzee Kikoti akavaa kofia yake. Akasema pale mbele ya wote kwamba ombi la Mama Sikitu litajadiliwa sasa hivi, na kama yupo wa kupinga anyooshe mkono. Watu hawakumwangalia yeye, waliniangalia mimi, nimeshika ndoo. Hakuna aliyenyoosha. Akauliza nani anaunga mkono, nikanyoosha wa kwanza, mkono una machicha mpaka kwenye kiwiko. Kuhusu mimi alisema nipumzike kwaya kwa muda, nijitafakari, na benchi la nyuma lina nafasi.

Wageni walipoondoka niliwatoa perege waliokufa, nikayamwaga maji yote, nikaosha kokoto mpaka vidole vikafa ganzi, halafu nikaenda kwa Mama Sikitu. Safari hii nilipita getini, mchana kweupe, na nguo ile ile, ndoo mkononi. Alikuwa anapepeta ulezi. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa yote, ya leo na ya ile siku ya madhabahu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kigoda, akaniuliza samaki wangapi wamepona. Nikamwambia wachache. Akasema pole.

Nilipokuwa natoka nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, "Mwenzangu, ulijua kama nina wageni?"

Hakuinua macho kwenye ungo. "Mliimba beti zote, Mama Tumaini. Ningekosaje kujua?"

Kwa hiyo alisikia. Alisikia nyimbo, akanisikia nikisema "inafika mpaka jikoni", akanisikia nikisema "bado hajawa tayari", ndipo akainua ndoo. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu, Baba Tumaini akaniletea chai, sikuweza kuinywa.

Siku hizi samaki wangu wanakula chakula cha dukani, kiganja kwa kiganja, na wageni nikiwaonyesha tenki nawaambia mapema kwamba wakiwa chini wapo chini, wavumilie. Jumapili nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, muda wangu bado haujaisha, na sauti ya pili sasa inatoka mbele kwenye kwaya, inanifikia vizuri tu. Nimeapa sitamsema tena mtu ninayepokea kitu chake kwa kificho. Na ile ndoo ya wanawake niliyomwachia siku ile bado iko kwa Mama Sikitu, kikundi wanaiulizia kila tukiwa na msiba, nami sina uso wa kwenda kuidai.