Shimo Chini ya Ubao

Kolwezi, mji wetu wa migodi, ukiweka kifaa kwenye ardhi, hakuna anayetazama juu. Nililelewa hapa, lakini niliporudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi na mbao za kupimia mvua ya mawe, niliwaza mawingu tu.

Mbao zenyewe ni kitu rahisi: povu gumu lililofunikwa kwa karatasi ya alumini, ile ya kufungia nyama. Punje ya barafu ikianguka huacha kibonyeo, nawe unapima upana wake. Profesa wangu alitaka kujua kama mawe yanazidi kuwa makubwa kadiri dunia inavyopata joto. Alinieleza kwamba hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi, na mawingu hupata nguvu ya kushikilia barafu juu hadi inenepe. Ila joto hilohilo huyeyusha punje ndogo kabla hazijafika chini. Huenda mawe yakaja mara chache, lakini kwa ukali zaidi. Nilimbishia. Nani amewahi kupima huku kwetu? Wazee wakisema zamani mawe yalikuwa madogo, labda makubwa yaliangukia porini, bila mtu wa kuyaona.

“Usipokiona kitu,” nilimwambia, “si kusema hakipo.”

Alicheka, akanikabidhi mbao.

Ubishi haukuwa sababu pekee. Nilipokuwa bado chuoni, mawe yaliangukia shamba la mama mukubwa, dada wa mama yangu aliyenilea, njia ya Mutshatsha. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Nilipokuja kumwona nilimkuta akitembea kati ya mabua yaliyochanika, akiyashika moja moja. Mwaka ule alikula unga wa kununua.

Ubao wa kwanza niliuweka nyuma ya jiko lake. Juma halijaisha, mtaa mzima ulishajua kwamba chini ya kiwanja chake kuna kobalti. Siwalaumu. Kuna mitaa ya mji huu ambako watu wamechimba hadi ndani ya vyumba vya kulala. Ndipo akaja mdogo wa marehemu mume wake, ambaye hatukumwona tangu matanga.

“Ile kintu inapima nini?”

“Mvula ya mabwe, tata,” nilimjibu, kwa jina tunalowaita baba zetu.

“Mvula iko juu. Mbona uliiweka chini?”

“Kwa sababu inaanguka chini.”

Majirani waliosimama uani walicheka. Yeye hakucheka.

“Profesere, usinicheze. Hii kiwanja ni ya ndugu yangu. Mama yako arudi kwabo, Sandoa.”

Nikachukua kijiti, nikachora mchangani jinsi wingu linavyopandisha barafu. Walioona mchoro wakasema ni ramani ya madini.

Mama mukubwa alitoka jikoni na sepetu, akaupeleka ubao wangu ukutani.

“Chimba,” akaniambia. “Tata yako akae, atazame.”

Nilimsogelea. “Na tukikuta kitu?” Sikujua lolote kuhusu udongo tuliosimama juu yake.

“Basi nitajua sababu gani bananifukuza.”

Nikachimba. Shemeji yake alikaa kwenye kiti cha plastiki, kila karai likipanda anachukua udongo kiganjani, anaufikicha, anatafuta rangi nyeusi au kijani ya madini. Udongo mwekundu. Mizizi. Kipande cha sahani. Shimo lilipofika mabegani, nilisimama.

“Haiko kitu, tata.”

“Hauyafika chini. Usipoona kintu, si kusema haiko.”

Nilimtazama kutoka shimoni, na kwa mara ya kwanza nikatamani mtu aridhike na ushahidi mdogo.

“Endelea,” mama mukubwa alisema. “Choo yangu imejaa. Ile shimo njo itakuwa choo ya mupya.”

Shemeji yake alirudi siku zilizofuata, akafikicha udongo wa shimo lile hadi mimi mwenyewe nikahitaji kamba ya kutokea. Mwishowe akakung'uta mikono.

“Labda iko kwa jirani,” alisema, akaenda zake. Habari za Sandoa hazikutajwa tena. Lakini jirani alifunga lango lake tangu siku hiyo, na majirani niliokuwa nimewapa mbao nyingine walinirudishia; nikaziweka zote ndani, zisizue shimo jingine.

Choo kikajengwa, kikaezekwa kwa bati jipya. Kisha alasiri moja upepo ukakatika ghafla, mbingu ikawa na rangi ya chuma, na mawe yakapiga hadi hatukusikizana ndani ya nyumba. Yalipokoma tulitoka. Mboga zake zilikuwa zimelala chini, majani yamekuwa nyuzi. Alizivuka, akanionyesha bati la choo. Lilijaa vibonyeo, kimoja kilimeza kidole gumba chake.

“Mabwe njo inakuwa mukubwa sasa?”

“Sijui, mama. Hii ni mvua moja tu.” Bati si ubao, haliwezi kunipa kipimo cha kuaminika. Lakini lilikuwa jipya: kila alama ilikuwa ya siku ile.

“Basi pima.”

Aliniletea kile kiti cha plastiki, nikapanda kulifikia bati, naye akainama na kuishika miguu ya kiti kwa mikono miwili ili nisianguke.