Uzi wa Mama Njoroge

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Karagita, mtaa wetu kando ya ziwa, hata nikiwa mbali. Chumba chetu cha kupanga kilikuwa jiko, malazi na karakana ya mama, na msimu ule wa masika mafuta hayo yalichanganyika na harufu ya nguo zilizokataa kukauka. Mama alikuwa akishona majoho ya kwaya. Baba, aliyesomea uchungaji Nakuru na kuhubiri katika kanisa letu la mabati, alipenda kutueleza jinsi Waebrania wa kale walivyozungumza na Mungu kwa lugha ya nguo. Kuvaa gunia kulikuwa toba. Kurarua vazi kulikuwa msiba. Na neno lao tikva, alisema, lilibeba maana mbili: tumaini, na pia uzi. Mama alisikiliza bila kuinua macho, mguu ukikanyaga pedeli.

Kisha kaka yangu Njoroge akaazima mtumbwi kwenye ufuo wa Kamere, akaenda kuvua, ziwa likachafuka kwa upepo. Hakurudi. Kesho yake jirani yetu mvuvi alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mathe, mtumbwi tumeupata. Lakini hauna mtu." Tangu hapo hakuna aliyetulia. Baba alizunguka ufukweni na wavuvi hadi viatu vikaoza. Mimi nilitoka nje kila pikipiki iliponguruma, nikarudi, nikatoka tena. Wanasema subira huvuta heri, lakini wanasema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Majirani walikuwa wameanza kuulizana habari za matanga.

Jumapili baba alipanda madhabahuni bila Biblia. Akashika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili, nasi sote tukaelewa anachotaka kufanya, maana alikuwa ametufundisha mwenyewe. Mama akasimama katikati ya kanisa.

"Baba Njoroge, usilirarue. Mimi sijazika mtu."

"Mama Njoroge, ziwa halirudishi..."

"Si wewe uliyenifundisha lile neno? Basi uzi wangu haujaisha."

Mikono ya baba ikashuka. Aliketi kwenye ngazi ya madhabahu akalia kama mtoto, na kwaya haikujua kama iimbe au inyamaze.

Njoroge aliletwa na bodaboda siku chache baadaye, amekonda, homa ikimtetemesha. Upepo ulimtupa kwenye mafunjo ng'ambo ya ziwa, na wachungaji wa ng'ombe wakamtunza hadi alipoweza kutaja kwao. Baba alivua koti lile akamfunika. Mama hakulia. Alimnywesha uji, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga na kukanyaga, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa chini yake.

Leo ziwa limepanda na kumeza ufuo aliotembea baba. Wazazi wote wawili wametangulia. Njoroge anafanya kazi kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, na kila mmoja wetu ana simu mfukoni. Ungedhani tumepona wasiwasi. Lakini mama aliweza kungoja siku baada ya siku bila habari yoyote, akaendelea kuamini. Mimi, Njoroge asipopokea simu mara moja tu, siwezi kukaa. Nampigia tena. Akipokea, anacheka, "Sasa, dada, nini mbaya?" Nami tayari niko nje, nimesimama barabarani, nikitazama upande wa ziwa.